Barua ya wazi: Koili na stenti za ubongo zimsubiri mgonjwa, mgonjwa asizisubiri

Kwa Mheshimiwa Waziri wa Afya. Kwa Mkurugenzi Mkuu wa NHIF, mfuko wa taifa wa bima ya afya. Kwa Mkurugenzi Mkuu wa Bohari ya Dawa. Kwa wakurugenzi wa hospitali zetu za rufaa. Na kwa waheshimiwa wabunge mnaopitisha bajeti ya afya.

Salaam.

Naandika kuomba jambo moja, na nalitaja mapema ili hata atakayeishia aya hii aondoke nalo. Vifaa vya kuziba mshipa wa ubongo uliovimba, yaani koili (nyuzi za kukijaza kifuko), stenti (kijibomba cha wavu) na katheta zake (mirija ya kuvipitishia), viwepo stoo ya hospitali kabla mgonjwa hajaletwa, na bei yake pamoja na anayeilipa vijulikane mapema. Sisi tulikutana na kinyume chake. Mgonjwa wetu, dada yangu, alilazwa kwanza, halafu ndugu tukapewa karatasi ya bei, halafu tukaanza kuchangishana, halafu ndipo kifaa kikaagizwa. Ugonjwa huu hauna subira hiyo.

Niueleze kidogo, maana barua hii itasomwa pia na watu ambao hawajawahi kuusikia. Madaktari wanauita anyurizimu ya ubongo. Ukuta wa mshipa unaopeleka damu kichwani unalegea mahali fulani, mara nyingi penye panda, pale mishipa mikubwa iliyo chini ya ubongo inapogawanyika. Damu inausukuma kila moyo unapopiga, na taratibu unatuna kifuko. Makadirio yaliyotokana na tafiti za nchi nyingi ni kwamba watu wazima kama 3 katika kila 100 wanatembea nacho, na wengi watazeeka na kufa kwa jambo jingine bila kujua. Kinawapata wanawake zaidi kuliko wanaume. Presha isiyotibiwa, sigara, na kuwa na ndugu wa damu waliopatwa nacho huongeza hatari.

Kikipasuka ndipo balaa. Damu inamwagika kuzunguka ubongo, na mtu anapata maumivu ya kichwa yanayofika kileleni ndani ya dakika moja, maumivu ambayo waliopona wanasema hawajapata kuyaona maishani. Anatapika, shingo inakakamaa, mwanga unamuumiza macho, wengine wanazimia palepale. Theluthi moja hivi ya wanaopatwa na hali hiyo hufariki, baadhi kabla hata ya kufika hospitali, na wengi wa wanaobaki hai hubaki na udhaifu wa mwili au wa kumbukumbu. Anayefika hospitali akiwa hai bado hajavuka, kwa sababu tundu lililopasuka limezibwa na bonge la damu tu. Bonge likiachia, damu inatoka mara ya pili, na ya pili huua zaidi kuliko ya kwanza. Hatari hiyo ni kubwa zaidi katika saa 24 za mwanzo. Mwongozo wa wataalamu wa kiharusi wa Marekani uliotolewa 2023 unataka mshipa uzibwe mapema iwezekanavyo, ikiwezekana ndani ya saa 24 tangu maumivu yaanze.

Saa 24. Waheshimiwa, naomba mkae na namba hiyo mkononi mnapoendelea kusoma.

Dada yangu mkubwa ni mama lishe pale Feri, Dar es Salaam, anawapikia wavuvi na madalali wa samaki. Asubuhi moja, akiwa anakanda unga wa chapati, alishika kisogo kwa mikono miwili, akasema, "Kichwa changu jamani," akatapika, akaanguka. Wenzake wakasema malaria imepanda kichwani. Zahanati walipima malaria, hakuna. Presha ilikuwa juu, wakamtundikia dripu, wakampa dawa ya maumivu na kumruhusu akapumzike nyumbani. Tulipomfikia jioni alikuwa anajibu kwa neno mojamoja, na unga ulikuwa umekauka kwenye nywele zake za kisogoni, pale alipojishika.

Wale akina mama wa Feri walifanya walichojua, na tabibu wa zahanati alikuwa na foleni ya watu nje wenye homa. Sina ugomvi nao. Ninachoomba ni kwamba kila zahanati na kituo cha afya cha jiji hili kipewe maelekezo yanayotoshea karatasi moja ukutani: kichwa kinachouma ghafla kwa kishindo, hata kama mtu anatembea na kuongea, ni dharura, na apelekwe penye CT scan saa hiyohiyo. Haraka hiyo ina sababu yake. CT scan nzuri ikipigwa ndani ya saa 6 za mwanzo huiona damu hiyo karibu kwa kila mgonjwa. Siku zikipita, damu inafifia kwenye picha, na baada ya wiki moja mashine inaweza isione kitu kwa wagonjwa wengi. Serikali imenunua CT scan kwa ajili ya hospitali za rufaa za mikoa, na kwa hilo tunashukuru kwa dhati. Sasa tunaomba mgonjwa aifikie ikiwa bado ina cha kumwonesha.

Dada alipata picha siku iliyofuata. Damu ilikuwepo, na kifuko kikaonekana. Hapo ndipo daktari wa ubongo alipotukalisha kwenye benchi la korido na kutuchorea mshipa nyuma ya fomu, kwa kalamu ya bluu. Namshukuru mpaka leo, kwa sababu alituheshimu kwa kutueleza. Alisema njia ni mbili. Ya kwanza ni kufungua fuvu na kubana shingo ya kifuko kwa klipu ndogo ya chuma. Ya pili ni kuingia kupitia mshipa wa kwenye kinena, kupandisha katheta nyembamba hadi kichwani huku wakitazama kwenye runinga ya eksirei, na kukijaza kifuko kwa koili, ambazo ni nyuzi laini sana za platinamu zinazojikunja ndani mpaka damu isiingie tena. Yeye aliona ya pili inamfaa zaidi dada, kwa jinsi kifuko kilivyokaa.

Tatizo lilikuwa shingo ya kifuko. Akatuuliza, "Ukitia kamba kwenye mtungi na kwenye bakuli, wapi itatulia?" Kifuko chenye shingo nyembamba ni mtungi, koili zikiingia zinakaa. Cha dada kilikuwa bakuli, shingo yake ilizidi milimita 4, na koili zingeweza kuteleza zirudi kwenye mshipa na kuziba njia ya damu yenyewe. Dawa ya shingo pana ni stenti, kijibomba cha wavu laini wa chuma kinachotandazwa ndani ya mshipa mbele ya mdomo wa kifuko, kikazizuia koili zisitoke huku damu ikiendelea na safari yake. Lakini mwenye stenti lazima anywe dawa za kuzuia damu isigande, aspirini pamoja na klopidogreli, la sivyo damu itaganda kwenye wavu wenyewe na kumletea kiharusi. Na mtu ambaye damu imetoka kumwagika kichwani jana, kumpa dawa hizo ni hatari. Kwa hiyo wakapanga hatua mbili: kwanza koili za kuziba sehemu iliyopasuka kadiri itakavyowezekana, kisha, ubongo ukishatulia, wiki kadhaa baadaye, stenti na koili za kumalizia.

Mpango ulieleweka. Kisha tukapewa profoma, ile karatasi ya bei.

Nisiitaje hospitali wala msambazaji, maana sitafuti wa kuadhibiwa. Nieleze tu karatasi ilivyokuwa. Ilikuwa na mistari ya koili kwa vipimo, milimita za upana na sentimita za urefu, na nyingine zilikuwa na alama ya kuuliza pembeni kwa kalamu. Daktari alikuwa anakisia. Koili ya kwanza huwa kubwa, inatengeneza umbo, halafu zinafuata ndogondogo za kujaza, na kifuko kimoja kinaweza kula kadhaa. Hakuna binadamu anayeweza kujua kwa hakika itatumika ipi na ngapi mpaka picha ya mishipa ipigwe na mgonjwa awe juu ya meza. Vifaa vya namna hii havinunuliki kimojakimoja kwa jina la mgonjwa kama miwani ya macho. Vinatakiwa viwe vimepangwa kabatini kwa saizi zote, daktari anyooshe mkono na kuchukua. Hapa ndipo penye kiini cha ombi langu.

Sisi tulifungua kundi la WhatsApp. Watu wa Feri walichanga, msikiti ulichanga, kanisa la jirani lilichanga, wapangaji wa nyumba aliyopanga dada walichanga. Ofisi ya ustawi wa jamii ilitusikiliza vizuri na kutupunguzia gharama za kitanda na vipimo, ila koili zilikuwa mali ya msambazaji, na huko msamaha haufiki. Kaka yetu aliweka sokoni kiwanja chake cha Chanika, na mnunuzi aliposikia kuna mgonjwa, akashusha bei. Fedha ilipotimia tukaambiwa saizi mojawapo haipo nchini, inasubiri ndege.

Kitanda cha pili kutoka kwa dada alilazwa kijana fundi wa gereji, tatizo lilelile. Michango yao ilikuwa imevuka nusu. Alipasukiwa tena usiku. Asubuhi tulikuta kitanda kimetandikwa shuka safi, na mama yake ameketi kwenye benchi la nje ameshika simu, na ile simu bado inaingiza ujumbe: fulani ametuma elfu kumi, fulani ametuma elfu tano.

Sitasema kwamba koili zingekuwepo yule kijana angepona, kwa sababu ugonjwa huu unaua hata penye kila kitu. Nasema alikufa akisubiri kitu ambacho kingeweza kuwa kabatini ghorofa moja na alipolala.

Waheshimiwa, mnaweza kuambiwa kwamba haya ni matibabu mapya, ya majaribio, ya nchi za wenzetu. Si kweli. Egas Moniz alipiga picha ya mishipa ya ubongo wa mtu aliye hai huko Lisbon mwaka 1927. Walter Dandy alibana anyurizimu kwa klipu huko Baltimore mwaka 1937. Koili za kuachia kwa umeme za Guido Guglielmi ziliingia kwa mgonjwa wa kwanza Los Angeles mwaka 1990. Mwaka 2002 ulitoka utafiti mkubwa wa kimataifa wa ISAT, wagonjwa 2,143 waliopasukiwa na ambao wangeweza kutibiwa kwa njia yoyote kati ya mbili. Baada ya mwaka mmoja, waliokufa au kubaki wakitegemea wengine walikuwa asilimia 23.7 kwa waliowekewa koili na asilimia 30.6 kwa waliofunguliwa fuvu. Mwaka huohuo Marekani ikaruhusu stenti ya kwanza iliyotengenezwa mahususi kwa kushirikiana na koili kwenye vifuko vya shingo pana. Watoto waliozaliwa mwaka huo ni watu wazima sasa.

Nisieleweke kwamba naidharau klipu. Utafiti ule haukuhusu stenti, na yapo maumbo na mahali ambapo kufungua fuvu ni bora. Aliyebanwa kwa klipu pia hahitaji vidonge vya kuzuia damu kuganda kwa ajili yake. Ninachokataa ni mgonjwa kufunguliwa fuvu, au kutofunguliwa, kwa sababu ya kilichopo au kisichopo stoo. Uamuzi huo uwe wa daktari na mgonjwa. Wala siombi kila mwenye kichwa kinachouma apigwe picha kutafuta vifuko. Vidogo vingi ambavyo havijapasuka huachwa na kufuatiliwa tu, presha ikidhibitiwa na sigara ikiachwa, kwa sababu matibabu yenyewe yana hatari zake.

Na hapa Dar es Salaam hatuanzii sifuri, jambo linalonipa moyo wa kuandika na pia linaloniuma. MOI, taasisi ya mifupa na ubongo, ipo Muhimbili tangu ilipoundwa kwa sheria ya 1996, ina madaktari bingwa wa ubongo, na imetangaza wazi kuwa ina mtambo wa angio wa kutibu mishipa ya ubongo bila kufungua fuvu. Uzio ni mmoja na Taasisi ya Moyo ya Jakaya Kikwete, iliyoanzishwa 2015, ambako stenti za moyo zinawekwa kama kazi ya kila siku, wakati zamani mgonjwa wa namna hiyo alitafutiwa ndege ya India. Tangu 2018 madaktari na wauguzi wa kujitolea, Chuo Kikuu cha Yale kikiwemo, wamekuwa wakija Muhimbili kuwafundisha wenzao radiolojia tiba, yaani kutibu ndani ya mwili kwa kuongozwa na picha, na MUHAS, chuo kikuu cha tiba cha Muhimbili, ikaanzisha shahada ya fani hiyo. Kazi yao kubwa ni ya ini, figo na tumbo, ubongo ni fani ya peke yake. Lakini wametuonesha kwamba wataalamu wanaweza kufundishwa hapahapa Upanga, kwa wagonjwa wetu na kwa mashine zetu.

Mtambo upo, mikono ipo. Mtambo wa mabilioni uliosimama kwa kukosa waya wa platinamu ni hasara inayohesabika hata kwa mhasibu asiyejua ubongo ni nini.

Basi Bohari ya Dawa na hospitali, tunaomba mkae na wasambazaji mfanye mkataba ambao hospitali nyingi duniani wanaufanya: msambazaji anaweka saizi zote kwenye kabati la hospitali zikiwa bado mali yake, hospitali inalipa kile kilichotumika, na kinachokaribia kuisha muda wake anakibadilisha yeye. Hofu ya kununua vifaa ghali vikaharibikia stoo inakuwa yake. Mkataba uhesabu pia katheta, waya za kuongozea na stenti za shingo pana, kwa sababu koili bila katheta yake haina kazi. Na muweke humo matengenezo ya mtambo, pamoja na muda ambao fundi lazima awe amefika ukiharibika. Kisha pangeni zamu ya usiku: daktari, mtu wa usingizi, muuguzi na mtaalamu wa mionzi wanaojua wakiitwa saa nane ya usiku wanakuja. Mishipa haipasuki saa za kazi peke yake.

NHIF, kwenu nina swali ambalo mwanachama wa kawaida hawezi kupata jibu lake dirishani. Koili, stenti ya ubongo, picha ya mishipa, siku za ICU, na dawa ya nimodipini inayotolewa kwa siku 21 kupunguza madhara ya mishipa kusinyaa baada ya damu kumwagika: mnalipa kipi, kwa kiwango gani, kwenye kitita kipi, yaani orodha ipi ya huduma na bei? Lichapisheni kwa Kiswahili, kwa shilingi, mlibandike. Machi 2024, mlipovutana na hospitali binafsi juu ya kitita kipya, wagonjwa walikuwa katikati wakirudishwa mapokezi na kadi zao mkononi. Hatutaki kugundua mipaka ya kadi siku mtu ameanguka. Na kwa kuwa Bunge lilipitisha Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote mwaka 2023, tunaomba dharura ya ubongo isomeke ndani ya utekelezaji wake kwa jina, na kwamba mama lishe asiye na mwajiri ahesabike humo. Dada yangu hakuwa na kadi. Wala wengi wanaouza samaki Feri.

Najua litaulizwa: fedha hii kwa ugonjwa wa wachache, wakati wajawazito na watoto wanahitaji? Ni swali la haki na nalijibu kwa heshima. Ugonjwa huu unawapiga watu wa makamo, karibu nusu yao wakiwa chini ya miaka 55, ambao nyumba nzima inawategemea. Mlango uleule wa kinena, mtambo uleule na timu ileile ndiyo inayoweza kuvuta bonge la damu kwa mgonjwa wa kiharusi cha mshipa kuziba, na hao si wachache hata kidogo, kila mtaa wa Mbagala unao wake. Mkiijenga huduma moja vizuri mmejenga mbili.

Nimalizie na jambo ambalo halitawagharimu chochote cha maana, na ndilo nililo na uchungu nalo zaidi kwa sasa.

Dada alipona. Koili ziliwekwa, wiki zikapita, akarudi akawekewa stenti. Mkono wa kushoto ni mzito na bei za sahani zinamchanganya, mwanawe ndiye anayepokea fedha siku hizi, lakini amerudi jikoni. Alitoka hospitali na vidonge viwili vya kila siku na onyo kwamba asiruke hata siku moja. Mwezi wa Ramadhani daktari alimpangia avinywe baada ya futari, akatii. Halafu jino likamsumbua. Kwenye kliniki ya meno aliulizwa dawa anazotumia, akazitaja, akaambiwa aziache kwa wiki nzima ndipo aje ang'olewe, ili asitoke damu nyingi. Ni ushauri ambao kwa mgonjwa mwingine ungekuwa wa busara. Kwa mwenye stenti changa ya ubongo ungeweza kumuua. Alikuwa ameshaacha kwa siku kadhaa nilipomtembelea na kuona pakiti hazijaguswa, nikampigia muuguzi aliyetupa namba yake, akapiga kelele kwenye simu: "Ameze sasa hivi, mlete!" Mungu alisaidia, hakupata kiharusi.

Kwa nini alitegemea mdogo wake kuchungulia pakiti? Mpeni kila mwenye stenti kadi ngumu ya Kiswahili ya kukaa kwenye pochi: nina stenti kwenye mshipa wa ubongo, iliwekwa tarehe hii, ninatumia dawa hizi, usinisimamishie bila kumpigia daktari wangu kwa namba hii. Klopidogreli isikosekane kwenye dirisha la dawa la hospitali za wilaya, maana ni dawa ileile inayohitajika na wagonjwa wa moyo. Wapo watu ambao miili yao haiitumii vizuri klopidogreli. Kipimo cha damu cha kujua hilo kifanyike kabla stenti haijawekwa, na ikionekana haifanyi kazi, atafutiwe nyingine. Picha za marudio zihesabiwe kuwa sehemu ya matibabu, kwa kuwa koili huweza kukandamizika na kifuko kikafunguka tena, na mgonjwa anayejiona mzima hatauza kitu ili akapige picha.

Tunaomba pia hospitali zinazotoa huduma hii zitoe hesabu kila mwaka: wangapi wamepokelewa wakiwa wamepasukiwa, wangapi wamezibwa ndani ya saa 24, wangapi wamefariki wakisubiri. Safu hiyo ya mwisho iwepo. Yule fundi wa gereji sijui kama aliandikwa mahali popote kuwa alikufa akisubiri koili.

Majibu ya maombi haya tunaomba yatolewe kabla bajeti ya Wizara ya Afya haijasomwa Dodoma, kila moja likiwa na tarehe ya kuanza na ofisi inayowajibika. Nakala ya barua hii naipeleka kwa mbunge wangu na kwenye ofisi ya malalamiko ya hospitali, kwa mkono.

Wenu katika ujenzi wa taifa,
Mdogo wake mgonjwa,
Mkazi wa Mbagala, Dar es Salaam